Mstari Nilioruka

Homa Bay,
14 Septemba 1968

Ndugu yangu Karsan,

Natumaini barua hii itakukuta umeanza kuizoea baridi ya Uingereza, na kifua cha mama watoto kimetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, unalijua. Mvua imechelewa. Duka lako sasa linauza misumari na mabati, na mwenyewe mpya ameliziba lile dirisha la nyuma tulipokuwa tukinywa chai.

Najua unangoja habari za Chui, mjusi wako, kuliko za goti langu. Yu hai. Lakini hii siyo barua ambayo Awino aliniagiza niandike, na utaona kwa nini.

Ulipomkabidhi Awino sanduku la kioo la Chui, yeye aliyekuwa akishona nguo barazani kwako, niliwapongeza wote wawili. Moyoni niliuliza kwa nini yeye. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wako. Jioni tulimtazama Chui pamoja akitoka mafichoni na madoa yake, sisi wageni wawili, wewe wa Karachi na mimi wa Kegonga, ambako sijarudi tangu 1931 na ambako hayupo tena wa kunifungulia mlango. Nilidhani mgeni humwachia mgeni mwenzake. Wewe ukamwachia mwenyeji, mwenye watoto, boma na ng'ombe. Mimi ukaniachia karatasi ya maagizo, nimsomee kwa kuwa yeye hakusoma.

Na aliyafuata maagizo kiasi cha kuudhi. Aliwachagua panzi kama anayechagua mbegu: awe na miguu yote, asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya Chui. Aliwafungia kwanza siku nzima na pumba na majani mabichi ya kunde, kwa vile uliandika kwamba alichokula panzi ndicho atakachokula mjusi. Alisaga maganda ya mayai akawanyunyizia. Vimulimuli, ulioandika kwamba ni sumu kwa mjusi, hakuwaleta hata karibu. Chui akanona mkia. Kila Jumapili akitoka kanisani Awino alipita kwangu, akaniita Jakuria, yaani Mkuria kwa Kijaluo chake, akanitania kwamba Chui anakula vizuri kuliko mimi, maana yeye angalau ana wa kumpikia. Nilicheka. Nikirudi ndani sikuweza kusoma hata gazeti.

Mwezi wa nane alikwenda kwa shemeji yake karibu na Asumbi, akarudi na kibuyu cha panzi. Alijisifu kwamba panzi wa huko wana adabu, hawamkimbii mtu. Aliwaokota kwenye pamba kama anaokota mayai. Nilichungulia. Walikuwa wakitambaa kama walevi. Ilikuwa majuma yale ambayo watu walikuwa wakipiga pamba dawa ya wadudu. Nilimrudishia kibuyu, nikamwambia amebahatika.

Siku ya pili Chui alianza kutetemeka. Kisha akakataa chakula siku kumi na moja, mkia ukasinyaa kama jani la tumbaku. Awino akaja kwangu na sanduku kichwani, akaniomba niisome karatasi tena, tangu juu, polepole. Nikaisoma. Nilipofika ulipoandika kwamba panzi asiyeruka akiguswa asipewe, hasa wa shamba lililopigwa dawa, aliliinamia sanduku. Halafu akasema basi alisahau, kichwa chake siku hizi ni chujio. Akaniagiza nikuandikie kwamba kosa ni lake, na akaniachia sanduku, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kusoma.

Karsan, hakusahau. Mstari ule hakuusikia kamwe. Siku ya kwanza niliuruka, na miwani ilikuwa machoni. Nilitaka Chui augue kidogo tu, nawe uambiwe, ukiri kwamba ulimkabidhi asiyefaa. Kifo sikukiwaza. Au nilikiwaza nikakigeuzia uso.

Chui yuko mezani hapa ninapoandika. Juzi alikula panzi mmoja, jana wawili, wote nimewakamata mwenyewe kwenye nyasi za ziwani. Nimepata nilichokitamani, na tangu kifike nyumbani mwangu nakaa nacho kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Kesho ni Jumapili. Awino atataka nimsomee barua kabla ya kuitia posta, aweke dole gumba chini, kama kawaida yake. Nitamsomea hii, mstari kwa mstari. Atakalolifanya baadaye ni haki yake, na utakalolisema wewe ni haki yako.

Nisalimie mama watoto, na mwanao aliyekuwa akiiba sukari guru dukani. Mwambie nilikuwa namwona.

Ni mimi karani wako,
Matiko

Jumapili, saa saba mchana. Alama ya dole gumba hapa chini ni ya Awino. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hakuniita Jakuria. Sanduku amelibeba. Panzi, amesema, nitakuwa nikileta mimi kila Jumapili, na atawagusa mmoja mmoja mbele yangu.