Majani ya ndama

Dada Mukashema, uko macho? Nimetoka kwa koko Kanyange, mama ya mama yangu, sasa hivi.

Unajua siku zote anasema mama yangu njo mutoto wake wa kwanza. Hapana. Sikiliza.

Mwaka 1953, papa Viateur wa Mweso, ule mwenye alikuwa ananunua maziwa ya tate Rukara, bwana ya koko, alimualika kwa sikukuu ya ubatizo wa mutoto wake. Muntu mwenye anakulisha haumukatalie hivi hivi. Tate akasema kwa heshima: «Aksanti, Papa. Lakini siku ya Mungu, ile ya ubatizo, ngombe yangu itazaa, siwezi kuiacha.»

Ngombe! Kati ya uongo wote, ngombe! Kwetu ukisikia ngombe ya mwenzako imezaa, unabaki kwako?

Kesho yake ya ubatizo, Viateur huyu hapa. Bibi yake na mutoto mugongoni, pombe, fungu la majani mabichi. «Iko wapi ndama, tuipe majani?»

Koko anasema tate hakulia. Alionyesha tu kidole nyuma ya nyumba.

Viateur akaenda anacheka. Akakawia.

Akarudi mikono mitupu. Nyuma ya nyumba hakukuwa na ndama, dada. Kulikuwa kaburi dogo, udongo ungali mubichi. Majani aliyaacha pale juu.

Koko alinisimulia yote anachambua maharagi. Nikamuuliza ule mutoto wake wa kwanza aliitwa nani.

«Hatukuwa tumemupa jina.»

Na akaendelea kuchambua.