Nukta ya Kijani ya Bi Chaji

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Madai ya kuiba umeme wa pampu ya maji
Jina: Mama Pindo (ndilo ninaloitikia)
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Jengo lenye shauri hili, ghorofa ya pili, chumba namba 7
Elimu: Darasa la saba
Tarehe: 15, siku ya Jumamosi. Kuanza: saa 9:50 alasiri

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa wala sikukamatwa. Afande amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kunionya siku nne mfululizo, kila nikipiga magoti, kwa hiyo asiwe na wasiwasi.

Chumba ninachoshonea ni namba 8, na kinapakana na saluni ya msusi tunayemwita Bi Chaji, ambaye ndiye mtuhumiwa. Ukuta wetu ni wa mbao laini. Yeye akicheka, mimi sindano inaruka mshono. Tumekuwa majirani miaka sita. Ananiita mama nami namwita mwanangu, ingawa sikumzaa.

Jina la Bi Chaji tulimpa sisi wapangaji, kwa utani. Umeme wetu hukatika bila hodi, na saluni nyingine za mtaani ukikatika hufunga milango au humwambia mteja asubiri. Yeye hapana. Alinunua vifaa vya kuchaji kimoja kimoja: taa ya mezani, pasi mbili ndogo za kunyooshea nywele, mashine ya kunyolea, feni, na kile kimashine cha kusugulia kucha. Watu wakamcheka. Kijana mmoja wa ghorofa ya nne alisema, "Kwa huyu dada hata nzi wanatembea na chaji." Bi Chaji akamjibu, "Njoo basi nikuchomeke, maana akili yako iko asilimia mbili." Tangu hapo jina likakaa.

Naomba afande aandike jinsi anavyofanya kazi, kwa sababu ndipo shauri lilipo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Umeme ukirudi, sisi wengine tunakimbilia televisheni na pasi za nguo. Yeye kwanza anachomeka vifaa vyake, kwa zamu, taa ikiwa ya kwanza. Ana daftari lenye saa ya kuingiza na saa ya kutoa. Kila kifaa kina ukurasa wake, utafikiri kadi ya kliniki ya mtoto. Kikijaa anakipaka nukta ya kijani kwa rangi ya kucha. Kikiisha chaji anaifuta na kupaka nyekundu. Hakuna kifaa kinachorudi kwenye rafu bila nukta. Nimewahi kumwambia, "Mwanangu, si kuna kitaa kinachoonyesha chenyewe?" Akasema, "Mama, kitaa kinadanganya. Mkono wangu haudanganyi."

Tena kuna jambo ambalo sijaliona kwa msusi mwingine. Umeme ukiwepo, ananyoosha nywele kuanzia kisogoni kuja mbele. Usipokuwepo, anaanza na paji la uso. Nilimuuliza sababu. Akasema chaji ikiisha katikati, nyuma unaweza kufunga kifundo, lakini mbele huna pa kujificha. Nilikaa nikaifikiria kauli hiyo wiki nzima.

Mimi mwenyewe ni mteja wake kila Alhamisi. Mume wangu alipofariki niliacha kujitazama kwenye kioo karibu mwaka mzima. Huyu binti alikuja chumbani kwangu na taa yake na kibanio cha nyusi, umeme ukiwa umekatika, akaniambia, "Mama, kaa hapa kwenye mwanga." Hakunihubiria. Alinitengeneza nyusi na kucha, akanipa kioo. Nililia kidogo. Tangu siku hiyo, giza liwepo lisiwepo, Alhamisi yangu haijapita. Afande ameniuliza kama hili linahusiana na shauri. Nimemwambia linahusiana nami, na shahidi ni mimi.

Mnamo tarehe 11, siku ya Jumanne, nilifungua chumba changu saa 1:30 asubuhi. Saa 2:00 niliingia saluni kuazima mkasi mdogo. Nikamkuta mwalimu mmoja wa kike ameketi kwenye kiti. Alikuwa na usaili saa 4:00 asubuhi, anaomba kuwa mwalimu mkuu. Bi Chaji alikuwa akimnyoosha nywele kwa pasi kubwa ya umeme, kuanzia kisogoni, kama kawaida yake.

Saa 2:40 asubuhi umeme ulikatika. Nusu ya nyuma ilikuwa imelala kama hariri, nusu ya mbele imesimama. Mwalimu akajiona kwenye kioo, akasema, "Mungu wangu, nitasimamaje mbele ya watu na kichwa cha vikao viwili?" Bi Chaji akacheka, akasema, "Kikao cha pili kinaanza sasa hivi, mwalimu. Tulia." Akawasha taa yenye nukta ya kijani, akawasha feni, akachukua pasi ya kwanza ya kuchaji. Niliwaacha nikarudi kwenye cherehani yangu, ambayo ni ya kukanyaga na haijui habari za umeme.

Jengo letu lina jenereta. Umeme ukikatika, jenereta hiyo inaendesha pampu ya maji peke yake. Vyumba havipati. Siku hizo maji yalikuwa hayapandi ghorofa ya nne, na watu walikuwa wakimsema msimamizi wa jengo. Tunamwita Bwana Funguo kwa sababu ya ule mzigo wa funguo kiunoni. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka kusemwa.

Saa 3:10 asubuhi nilisikia funguo zinakuja kwenye korido. Zikasimama mlangoni kwa Bi Chaji. Nikatoka na kazi yangu mkononi, gauni la mteja, na pini nimezibana mdomoni.

Bwana Funguo alisema, "Jengo zima giza, wewe una taa, una feni, una pasi. Umeme unautoa wapi?"

Bi Chaji hakusimamisha mkono. Alisema, "Ninaoutumia sasa ni wa jana mchana, baba. Niliuweka akiba."

"Umeme unawekwa akiba kama maharage?"

"Maharage yangekuwa yameshaota."

Mwalimu alicheka, na hilo halikusaidia. Bwana Funguo akatazama juu. Hapo ndipo alipouona waya.

Waya wenyewe ni mweusi. Unaanzia kwenye nondo za dirisha la saluni, unapita juu ya kioo, unatoka kwenye tundu la hewa juu ya mlango, na unaishia koridoni kwenye kisanduku cha chuma chenye swichi ya pampu. Kwa mtu asiyejua, ulionekana kama mwizi aliyekamatwa na mkono mfukoni. Bwana Funguo akauliza, "Na huu je?"

Bi Chaji akajibu, "Huo ni kamba ya kuanikia wigi."

"Kamba ya umeme kwenye kisanduku cha pampu, ya kuanikia wigi! Nani kaufunga hapa?"

Naomba afande aandike sehemu hii polepole. Bi Chaji alinitazama. Alinitazama mara moja tu, kama mtu anayeangalia saa, kisha akarudi kwenye nywele za mwalimu. Akasema, "Saluni ni yangu. Niulize mimi."

Aliyeufunga ule waya ni mimi.

Nilifanya hivyo mwaka jana, baada ya Bwana Funguo kukataza kuanika kitu chochote koridoni. Wigi zikioshwa zinadondosha maji, na Bi Chaji hakuwa na pa kuzitundika. Ukuta wa mbao laini haushiki msumari. Mimi nilikuwa na waya mweusi uliobaki fundi alipobadilisha nyaya za chumba changu, nikasema usiharibike. Nikapanda kwenye stuli, nikaupitisha kwenye tundu, na kwa kuwa pale nje hapakuwa na chuma kingine, nikaufunga kwenye pete ya kufuli ya kisanduku cha pampu. Niliona pete imara, nikaona nimemaliza kazi. Sikufikiri kwamba waya wa umeme uliofungwa kwenye kisanduku cha umeme utaonekana kama umeme. Mimi nafikiri mambo ya uzi.

Najua kuna tangazo kwenye ukuta linalosema atakayegusa kisanduku hicho ataondolewa kwenye jengo. Nalisoma kila siku. Nimeishi humo miaka kumi na tisa, na mume wangu aliondoka duniani akiwa humo. Kwa hiyo siku ile nilinyamaza. Baadaye nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya pini zilizokuwa mdomoni. Lakini pini hutemwa, afande.

Bwana Funguo aliwapigia simu polisi. Bi Chaji akamwambia, "Dakika chache tu, baba. Kichwa hiki kina usaili." Pasi ya kwanza ikaisha chaji, akaiweka, akapaka nukta nyekundu, akachukua ya pili. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wanamnyooshea vidole, naye akaendelea kunyoosha. Saa 3:30 alimaliza. Mbele na nyuma vilikuwa kitu kimoja, usingejua ni pasi mbili za aina mbili. Mwalimu alisimama, akamkumbatia, akapita katikati ya watu kama mwalimu mkuu tayari.

Polisi walifika saa 3:45. Walichukua vifaa vyote, daftari, na waya. Bi Chaji alizima taa kabla ya kuitoa. Askari akamwambia haina haja. Akasema, "Ina haja, mwanangu. Imetumika saa moja tu." Na kwa sababu bado ilikuwa na chaji nyingi, hakuifuta nukta yake ya kijani. Nilimwona anatazama nukta, akatazama askari, akaacha.

Aliachiwa kwa dhamana jioni hiyo, lakini akaambiwa asifungue saluni. Alhamisi aligonga mlango wangu. Mikononi hakuwa na kitu ila kibanio cha nyusi. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa nini hukunitaja?" Akasema, "Ulinifungia kamba nilipokuwa sina pa kuanika. Nitakufungia mlango?" Kisha akanisogeza dirishani, kwenye mwanga wa jua, akanitengeneza nyusi. Usiku wangu ulikuwa mrefu, lakini huo ni wangu na Mungu wangu. Leo nimekuja.

Nimeomba nionyeshwe waya, na afande ameuleta pamoja na vielelezo vingine. Nathibitisha ni ule ule. Kila ncha nimeizungushia uzi mwekundu mara nyingi na kuumalizia kwa fundo la kufungia kifungo, ili waya usichome wigi. Uzi huo ni wangu, na kipande chake nimekuja nacho kwenye pochi. Fundo la ncha zote mbili halijafunguliwa wala kukatwa. Afande amekagua na kulinganisha. Kwenye ncha hizo shaba haionekani, imefunikwa na uzi mtupu. Umeme ungepitaje hapo? Maji kutopanda ghorofa ya nne sijui sababu yake. Mimi ni fundi wa nguo.

Naomba iandikwe kwamba maelezo yanasimama kidogo, maana sasa, saa 10:55 jioni, umeme wa kituo umekatika, na chumba hiki hakina dirisha.

Naendelea. Afande alisema turudi kesho. Nikamwambia kesho nitakuwa nimeogopa tena. Nikamwomba atazame taa ya Bi Chaji iliyo hapa mezani, yenye lebo ya kielelezo namba 2. Nikamwambia, "Ina nukta ya kijani. Kwake, kijani ni ahadi." Akasita, kisha akabonyeza. Imewaka. Nayaona maandishi yake vizuri kabisa, na nauona uso wake, na naona anatabasamu ingawa hataki niseme.

Sina la kuongeza. Kama kuna kosa la kugusa kisanduku, ni langu, na nitalibeba mwenyewe. Huyu binti hajaiba kitu cha mtu. Anachukua kile tunachopewa wote, anakitunza kuliko sisi, basi. Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi mbele ya afande na mbele ya Mungu.

Sahihi ya shahidi: Mama Pindo

Maelezo ya afisa aliyeandika: Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake. Nimelinganisha uzi wa kwenye waya na alionao shahidi, na unafanana. Ncha zote mbili za waya zimefungwa, hazina dalili ya kuunganishwa na umeme. Msimamizi wa jengo ataitwa, na fundi wa pampu pia. Kuanzia saa 10:55 jioni maelezo yameandikwa kwa mwanga wa kielelezo namba 2, ambacho kimekaa kwenye stoo ya vielelezo tangu tarehe 11 bila kuchomekwa popote. Stoo hiyo haina soketi. Mpaka saa 11:40 kinapoandikwa kifungu hiki, bado kinawaka bila kufifia. Nashauri vifaa virudishwe kwa mwenyewe leo. Taa itafuata nikimaliza kuandika.