Mkono Uliokimbia Nao, Mama

Mama,

Kamwene. Ungekuwepo ungeniitikia huku unapuliza moto, bila hata kugeuka. Nimekaa nje juani hapa kwetu Mahongole, maana ndani baridi inachoma kovu. Ndiyo, mama, kovu jipya. Nimepasuliwa mkono, na unainuka.

Usishtuke. Nianzie pale ulipotuacha.

Watu walinipa pole nyingi ulipozikwa, lakini hakuna aliyejua kwamba asubuhi ya kwanza baada ya matanga nililia kwa sababu ya mbeleko. Neema alikuwa anataka mgongo, nami sikuwa na mtu wa kumfunga. Mkono wangu wa kushoto unaujua: tangu nilipoangukia moto utotoni, ngozi ya kwapa ilipona ikiwa imeshikana na ubavu, nikawa siwezi kuuinua. Kila asubuhi ulikuwa unapanda kuja kumweka mjukuu wako mgongoni kwangu, unakaza fundo, unanipiga kikofi begani: "Haya, kalime." Baba Neema alijaribu kazi yako. Mtoto akaning'inia kama gunia la viazi, tukacheka wote, mimi machozi yakinitoka.

Nikasema liwalo na liwe, nakwenda hospitali ile ya misheni, Njombe. Neema alikuwa ameshaacha ziwa, nikamwacha kwa shangazi, nikapanda lori lililobeba magome ya miti ya miwati kutoka Makambako. Njia nzima nilikuwa nasikia yale uliyoniambia ukiwa kitandani, umenishika mkono huu huu: "Mwanangu, nilikuharibia mkono kwa miguu yangu."

Nilijua unasema nini. Ulinipeleka hospitali ya misheni nikiwa mdogo, daktari Mzungu akasema jambo, ukaninyakua ukakimbia nami. Baadaye binti wa jirani, aliyeungua kama mimi, akarudi kutoka huko huko anapunga mikono yote miwili. Ulimtazama kanisani ibada nzima. Tangu siku hiyo ukawa huniangalii ninapovaa gauni, na mimi sikujua nikuambie nini.

Basi, daktari ni yule yule. Nywele zimekuwa nyeupe, Kiswahili chake hakijasogea. Aliipapasa ngozi ya kwapa, akaivuta, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na kitambaa dukani. Halafu akasema, akitabasamu: "Kesho asubuhi mimi nakata mkono."

Mama! Nikafikiri, heri mkono mbovu kuliko kukosa mkono. Mguu mmoja ulishafika sakafuni na shuka langu nimeshalikunja. Dresa, yule mzee Mbena anayesafisha vidonda na kufunga bandeji, akaziba mlango huku anacheka.

"Daktari, sema kupasua! Kupasua ngozi! Ukisema kukata mkono, watu wanajua unautoa wote. Nimekuambia mara ngapi?"

Daktari akawa mwekundu hadi masikioni. Akauliza kama kuna mtu aliwahi kukimbia. Dresa akasema, "Wapo. Zamani kuna mama mmoja alipita katikati ya bustani yako ya njegere na mtoto mgongoni. Hatukumwona tena."

Nikasema, "Mtoto huyo ni mimi."

Kisha nikaanza kucheka, mama, nikacheka mpaka nikalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akalia nami bila kujua sababu. Ulisikia vizuri! Neno lilikuwa hilo hilo. Mimi niliyesoma shule ya misheni, mtu mzima mwenye mtoto, nilikuwa tayari kukimbia kama wewe. Nilihisi kama mtu amenitua kuni kichwani. Nikarudisha mguu kitandani.

Najua ungetaka kuelezwa yote, kwa hiyo nakueleza. Walinifunika pua kwa kitambaa chenye harufu kali, nikalala. Daktari aliachanisha ngozi iliyoshikana, akachukua nyingine nyembamba kutoka pajani akaibandika kwapani. Nilipoamka mkono ulikuwa umefungwa kwenye ubao, umesimama pembeni kama naomba ruhusa kwa mwalimu. Nilitapika. Na amini usiamini, paja ndilo liliuma kuliko mkono. Mkono ulivimba, kisha ukaanza kuwasha, kuwasha kwa kukutia wazimu, na dresa alinikataza kujikuna kwa ukali ule ule wako. Walipotoa nyuzi nikatazama, nikavunjika moyo. Pana mistari na mabaka, rangi mbili. Daktari alikuwa amenionya: mkono utainuka, lakini hautakuwa kama wa mtu asiyeungua. Basi, sivai mikono mifupi. Kwa baridi ya huku nani anavaa?

Nilikatazwa kubeba maji na kushika jembe mpaka ngozi ikaze. Mazoezi nilipewa ya kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Ukuta wetu wa jikoni una alama za masizi za vidole vyangu, zinapanda tu. Baba Neema amekataa zisifutwe.

Jana nilimwinamia Neema, nikamrusha mgongoni, nikaivuta mbeleko kwa mikono yote miwili, nikakaza fundo. Hakuning'inia. Akanipiga kikofi begani, mama. Sijui alikutazama lini. Nikasimama hapo uani na furaha yangu yote, nikatamani usiwe umekufa.

Nitakuja kaburini Jumapili baada ya ibada, naye mgongoni, nimemfunga mwenyewe. Na akikua nitamwambia bibi yake alisikia kwamba mkono wa mtoto wake utatolewa, akapita katikati ya njegere za Mzungu kuuokoa. Sitamwambia kwamba uliuharibu, wala mtu mwingine hatasema hivyo nikiwa hai. Ungebaki pale bila kuelewa, labda ungeniona natibiwa. Lakini kwa neno ulilosikia, mama gani angebaki?

Kwaheri, mama. Mkono upo, na unainuka. Sasa pumzisha miguu.

Mwanao.