Mihogo Niliyoituma Mbale

Jumanne, 8 Aprili 2025
Mdogo wangu Siraje kapiga simu kutoka Mbale. Mafuriko yamelikomba shamba lake lote la mihogo. Hata cha kupanda hakuna! Anaomba vijiti kutoka kwangu hapa Wanyange. "Muhogo wako unazaa, dada." Siraje hajawahi kuniomba kitu.

Jumatano, 9 Aprili
Nimezunguka Jinja mjini mpaka miguu inawaka moto. Posta wanasema mbegu kavu kwenye bahasha ni stempu tu, bei nafuu. Lakini muhogo ni vijiti, si mbegu za bahasha! Vijiti ni kifurushi, na kifurushi cha mimea lazima kikaguliwe kwanza, kipate karatasi. Ofisi ya mabasi ni yale yale, na nauli ya mzigo inazidi thamani ya mihogo yenyewe. Ukaguzi wa nini? Majani yangu kijani, safi. Nimerudi na furushi langu kichwani.

Alhamisi, 10 Aprili
Afande Opio, jirani yangu, dereva wa magereza, kesho anapeleka gari Mbale. Nilipomweleza akacheka. "Mama, weka tu kwa gari. Nani atasimamisha sisi?" Bure! Hata soda hataki. Nimekata vijiti mpaka magharibi, nimejaza magunia. Moyo mwepesi.

Jumamosi, 12 Aprili
Vimefika. Wifi Nuriat, mke wa Siraje, alipiga vigelegele kwenye simu mpaka sikio likaziba.

Jumanne, 22 Aprili
Nimeng'oa muhogo wa chakula. Nje safi. Nikakata — ndani madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Nikang'oa mwingine. Na mwingine. Nikakaa palepale kwenye udongo.

Jumatano, 23 Aprili
Nimemwita Margret, bibi shamba wetu. Kakata muhogo mmoja tu, akaweka kisu chini. Afadhali angenikaripia. Ni michirizi kahawia, kasema. Majani yanaweza kukudanganya msimu mzima, na ugonjwa unasafiri ndani ya vijiti. Kung'oa na kuchoma, hakuna dawa.
Akauliza kama kuna mtu nimempa vijiti.
Nikasema hapana.
Hapana! Akilini nilimwona Opio anavuliwa magwanda kwa kubeba mzigo wangu, na neno likatoka. Margret kaamini, kashukuru, kaenda zake.

Alhamisi, 24 Aprili
Nilimpigia Siraje nimwambie. Hakunipa nafasi. "Dada, vimechipua!" Kumbe kawagawia majirani, kila nyumba iliyopoteza shamba. Imamu kaniombea dua msikitini. Nikasema alhamdulillahi, nikakata simu. Mwoga mimi!

Ijumaa, 25 Aprili
Opio kaja asubuhi na magunia matupu. Siraje kampigia: bado kuna nyumba zinaomba, na kesho gari linakwenda tena. Nimemweleza yote. Alikaa kwenye kizingiti, kofia mkononi.
"Mama, mimi iko na watoto."
Nikasema najua.
Akavaa kofia. "Na wale wa Mbale pia iko na watoto." Akaondoka. Magunia kayaacha.
Nimempigia Margret, nimesema kweli. Hakugomba. Kasema atawatafuta wenzake wa Mbale, lakini watu wasisubiri, waanze kung'oa leo. Na bora wayasikie kwangu.
Wang'oe nini? Ndiyo chakula chao cha mwakani. Na cha kuwapa badala sina, shamba langu lote ni la kuchoma.
Nimepiga. Nuriat kapokea. Wako shambani kwa Siraje, majirani wote, wanapalilia pamoja. Nikasema nina neno zito. Hakusikia, makelele. "Usikate, wifi! Nawaita waje. Wote wanataka kukushukuru."
Naandika simu ikiwa sikioni. Nasikia majembe yanawekwa chini. Mzee mmoja anauliza ndiye huyu? Ndiye. Mtoto anacheka. Nuriat anawanyamazisha, kaweka sauti kubwa.
"Haya dada," Siraje anasema, "tunakusikia wote —"