Ndevu za Mume Wangu Hazina Kosa

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kujikuna kumenichosha na uongo umenichosha zaidi, mimi ni fundi cherehani, mwaka wa pili sasa viganja, nyayo na mgongo vinaniwasha bila hata kipele kimoja, rula ya kupimia vitambaa nimeigeuza ya kujikunia na wateja wananiangalia vibaya, hospitali wakapima damu wakasema ni ini, nyongo haipiti vizuri, wakanipa vidonge na unga wa kukoroga kwenye maji utulize muwasho, sasa kwa kina mume wangu mtu akiugua ini basi ni mlevi, hawataki maelezo, na mimi pombe sijawahi hata kuionja, kwa hiyo mume aliponiuliza nikaropoka kwamba ndevu zake zinanichoma, naye bila kunung'unika akazinyoa, ndevu alizokuwa nazo tangu anakuja kujitambulisha kwetu, nikasingizia blanketi, akaligawa, na jana katangaza anahamia sebuleni, labda jasho lake ndilo linalonidhuru. Dawa nazificha kwenye kopo la vifungo, nikipata upenyo nabugia unga na vidonge vyote kwa mkupuo, halafu siku mbili sigusi, na nawashwa vilevile. Nifanye nini nisimpoteze?

Fundi Mwenye Kucha

Pole sana, fundi. Muwasho huo si mchezo, na nakiri kwenye ndevu nimecheka. Lakini umekosea. Ini huugua kwa sababu nyingi, na wagonjwa tele hawaijui ladha ya pombe. Huna la kuficha. Aliyeonewa hapa ni mumeo.

Kwanza dawa. Unga ule hunasa nyongo tumboni itoke na choo. Ukiumeza pamoja na vidonge, unga huvinasa navyo, umevimeza bure. Viachanishe kwa saa kadhaa, daktari akupangie ni saa ngapi, na unywe kila siku kama alivyoandika. Ukifuata hivyo na bado unawashwa, rudi kwake, dawa nyingine zipo. Usiongeze dawa ya jirani. Kata kucha, oga maji ya baridi.

Leo akirudi kazini mkalishe, weka dawa mezani, mwambie, "Mume wangu, ni ini, niliogopa mtaniita mlevi." Atanuna, ana haki. Usijitetee. Mwombe radhi, kisha mwombe akusindikize kliniki. Huyo mtu yuko tayari kulala sebuleni peke yake akiamini kwamba yeye ndiye ugonjwa wako. Usimwache aamini hivyo hata siku moja zaidi.