Susu, Jicho la Mama Halijapona

Mpendwa Susu, bibi yangu,

Bado nasikia uzi wa mkonge ukisokotwa pajani mwako. Shwaa, kimya kidogo, shwaa. Nikiamka hapa Mukuyuni kabla jua halijafika dirishani, sauti hiyo hunitangulia. Kwa muda nadhani niko kwako Migwani, nawe umeketi mlangoni na kiondo kati ya magoti, na vumbi la asubuhi lina rangi ya chai.

Ulisuka vizuri hata macho yalipokuwa yakikuacha, ndiyo maana hatukujua. Mikono yako uliiona, pamoja na kilichokuwa katikati. Pembeni ndiko dunia ilikokuwa ikififia. Ulipogonga kikombe ulikigombeza: "Wewe nawe, mbona unanifuata?" Tukacheka.

Kisha wakakutoa mtoto wa jicho. Ulirudi ukanishika kidevu. "Kumbe una chunusi! Na vile ulikuwa unajiringa!" Jumapili ukatoa ushuhuda, kanisa zima likapiga makofi. Daktari alikuwa amesema kwamba presha ya macho uliyokuwa nayo pia ni ugonjwa mwingine, dawa ya matone usiiache. Mama alipokukumbusha, ulimjibu kwa upole: "Nimeshasema mbele ya watu kwamba naona. Nikitia dawa tena, si ni kama namwambia Mungu hakumaliza kazi?" Ukaiacha dawa, nasi tukakubali. Giza lilikuja taratibu kutoka pembeni, hadi likafika mikononi mwako.

Sasa ni mama. Mtoto wa jicho na presha, yote mawili, katika jicho analolitegemea. Daktari alisema angeweza kutoa mtoto wa jicho peke yake na matone yaendelee, ila matone yalikuwa tayari yameshindwa kushusha presha. Au, katika upasuaji huohuo, afungue njia ndogo chini ya kope la juu, maji ya ndani ya jicho yapate pa kutokea. Kuna pia kijibomba cha kuyapitisha, lakini hicho angekiweka akiba, endapo njia ingeziba. Kuona kulikokwisha kupotea kusingerudi kwa vyovyote.

Mama akashtuka. "Daktari, huku Ukambani tunatafuta maji, wewe unataka kumwaga hata ya jicho?"

"Hayamwagiki, mama," daktari akacheka. "Yanaingia mwilini polepole."

Bado mama alitaka atolewe mtoto wa jicho tu, aone, arudi nyumbani. Nikamshika mkono. "Uliona vile Susu aliishia." Unajua vile huniita mama yake, kwa sababu ya jina lako nililopewa. "Sawa, mwaitu," akasema, kama binti anayemtii mama yake. Wakafanya yote mawili.

Siku hizi mama hulaza kichwa mapajani mwangu nikimtilia dawa ya baada ya upasuaji. Mwanga wa dirisha huogelea ndani ya jicho lake, nami husahau kwamba ni mimi niliye mtoto. Presha imeshuka. Lakini njia inaweza kuziba, kwa hiyo kliniki haiishi.

Juzi akaniambia, uso umemchanua, "Jumapili natoa ushuhuda." Nikayasikia yale makofi yako, Susu, nikaogopa.

Kwa hiyo jana nilisimama naye mbele ya kanisa. Aliposema, "Naona," na kabla mikono haijakutana, niliomba kuongeza neno. Nikasema jicho la mama halijapona, linalindwa, na kulilinda si kumkana Mungu. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Nikamwegemeza kichwa nyuma palepale madhabahuni, nikatia tone.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha, kutoka viti vya nyuma, bibi mmoja akauliza, "Na mimi niliyeacha matone yangu?"

Nimemwambia ajiandae. Mama akirudi kliniki, tutampitia.

Pumzika, Susu. Huku bado tunasokota.

Mjukuu wako,
mwaitu wa mama