Nyumba ya Kavimvira, Jinsi Nilivyoikuta

Jumatatu, 3 Juni
Nimepiga msasa miguu ya bufe, kabati langu la vyombo, mpaka vidole vimekufa ganzi. Bado droo mbili. Bufe hii niliiokota kando ya ziwa mwaka ule maji yalipopanda na watu wakahama. Ilikuwa imevimba, milango imeachia. Niliikausha kivulini wiki sita. Sasa uso wake ni laini na vishikio ni vya kamba. Naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.
Madaftari ya darasa la nne yananingoja niyasahihishe. Yangoje.

Jumatano, 5 Juni
Mzee Kashindi, mwenye nyumba, amekuja mchana na wageni wawili nisiowajua. Hodi yake ilikuwa mguu tayari ndani. Aliwaonyesha plafo, dari ya matete niliyoipigilia mwenyewe. Aliwaonyesha ukuta wa saloni, chumba chetu cha kukaa. Ukuta ule ni chokaa, udongo wa manjano kaka yangu alioniletea kutoka Luvungi kwa pikipiki, chumvi, na uji wa unga wa muhogo ili rangi ishike. Walizunguka vyumba vyote vitatu. Mmoja alipiga picha. Hakuna aliyeniuliza neno. Nilibaki nimeshika brashi kama kibarua.

Jumamosi, 8 Juni
Sasa najua. Mwanawe Patrick anaoa mwezi wa saba.
Mzee aliniambia akiwa amesimama, hata kiti hakutaka. "Mama Sifa, minye sikufukuzi. Mutoto anaoa, na nyumba iko tayari. Mwisho wa mwezi uniachie."
Iko tayari. Miaka minne iliyopita haikuwa tayari hata kwa mbuzi. Mpangaji wa kabla yangu alikuwa anakausha samaki kwa moshi humo humo ndani. Kuta nyeusi kama chini ya sufuria. Sakafu ina mafuta. Sifa wangu alikuwa na miaka tisa, alikohoa mwezi mzima. Nilipomlalamikia mzee alisema nyumba ni nyumba. Nilisugua peke yangu, likizo nzima. Hakuwahi kuleta hata msumari.
Namchukia.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda misa. Ningesali nini.

Jumatano, 12 Juni
Tumekwenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, mimi na mzee. Nilibeba kontra, mkataba wa kupanga. Shefu aliisoma yote, polepole. Akasema mwenye nyumba ana haki ya kuichukua kwa ajili ya mwanawe, siku alizonipa ni chache, lakini nikizigombania nitachoka kabla ya kushinda. Halafu akasoma mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono wa mzee mwenyewe. Mpangaji, siku ya kutoka, atairudisha nyumba jinsi alivyoikuta.
Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema huo ndio mstari wa maana, nisije nikaharibu kitu.
Nilimwomba shefu ausome tena. Akausoma. Nikasema nimekubali. Nikatia sahihi kwenye daftari lake. Mzee alinipa mkono kwa furaha. Alidhani amenishinda.
Nimerudi kwa miguu. Sikuhisi jua.

Alhamisi, 13 Juni
Picha ninazo. Wiki ile ya kwanza nilipiga chumba kwa chumba, nimtumie dada yangu Bujumbura tulie pamoja. Masizi. Dirisha lisilo na kioo. Plafo hakuna, bati tupu. Nimezitazama leo kwa utulivu kabisa. Hii ndiyo kazi yangu sasa. Niliipamba nyumba hii kwa vitu vilivyotupwa. Nitaitupa yenyewe, niirudishe jinsi ilivyokuwa, kitu kwa kitu.

Jumamosi, 15 Juni
Plafo ya vyumba vya nyuma imeshuka. Nimeng'oa misumari mmoja mmoja, nimeinyoosha, nimeitia kwenye kopo. Rafu za mbao za paleti zimetoka. Matundu yake nimeyaziba, maana kwenye picha hayapo.
Mama Zawadi amekuja kunisaidia. Ni rafiki yangu, anauza samaki wa kukaushwa sokoni. Nilimweleza mpango. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza kama nasema kweli. Nikamwambia alete mapipa yake ya moshi saloni, ataje siku. Akasema sawa, mikebuka, hao samaki wake, haijali inakauka kwa nani.

Jumatatu, 17 Juni
Mchumba wa Patrick amekuja. Anaitwa Furaha. Peke yake, na kamba ya kupimia madirisha kwa ajili ya mapazia. Msichana mdogo, sauti ya chini. Mzee amemwambia ninahamia nyumba yangu mwenyewe, ndiyo maana naondoka. Alinipongeza.
Ningeweza kumweleza. Sikumweleza. Nilitaka aje aone baadaye, amuulize mzee, mzee akose jibu.
Saloni bado sijaigusa. Aliweka kiganja ukutani akakiacha hapo. "Mama, hii mikono yenu Mungu aibariki." Kabla ya kwenda aliona ndoo tupu, akanichotea maji. Mara mbili.
Nimejaribu kumchukia na yeye. Inahitaji nguvu.

Alhamisi, 20 Juni
Leo ukuta wa Sifa. Alichora ng'ombe wa Rurambo, wale wa bibi yake, pembe ndefu, mkaa na rangi ya kijani. Walijaa ukuta wote. Sikwenda kufundisha, nilikwangua kwa kisu cha plasta kuanzia asubuhi. Ng'ombe wa mwisho alikuwa ndama. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nikamkwangua.
Sifa aliporudi shuleni alitazama, akaweka begi chini.
"Mama, unafanya kama Mzee Kashindi tu."
Nilimwambia anyamaze. Amenyamaza kweli. Chakula amekula kwa jirani.
Ningeweza kuishia hapo. Siishii hapo.

Jumamosi, 22 Juni
Sifa bado haongei. Nimekunja mapazia. Nimetoa vioo nilivyoweka madirishani. Plafo ya saloni imeshuka, vumbi la miaka minne kichwani.

Jumanne, 25 Juni
Moshi, siku ya kwanza. Mama Zawadi ameleta nusu-pipa mbili, waya juu, samaki juu ya waya. Kuni mbichi na maganda ya chikichi. Vitu vyetu viko uani, na usiku mimi na Sifa tunalala kwa Mama Zawadi. Tumefunga milango, tumeacha ufa mdogo. Jirani wa kushoto alikuja kuuliza nini kinaungua. Nikamwambia hakuna, napika.
Jioni nilichungulia. Manjano yalikuwa yamegeuka kama chai.

Jumatano, 26 Juni
Chai imekuwa kahawa. Nilisimama uani nakohoa na kucheka. Miezi mingi sijacheka hivyo. Namwona mzee akifungua mlango. Namwona kila dakika.

Alhamisi, 27 Juni
Nyeusi. Kuta zote, saloni na vyumba. Mafuta yamedondoka sakafuni mahali pale pale. Nimelinganisha na picha nikiwa mlangoni. Nilikosea kitu kimoja. Mlango wa nyuma ulikuwa hauna kitasa. Nimekitoa.

Ijumaa, 28 Juni
Tumehama kwa pusipusi tatu, mikokoteni ya kusukuma kwa mkono. Bufe, viti vinne, meza, kitanda, matete yote, kopo la misumari. Nyumba mpya iko Mulongwe. Ndogo. Kuta za saruji tupu. Sifa alibeba nguo zake peke yake. Alisema maneno matano siku nzima, nimeyahesabu.

Jumamosi, 29 Juni
Saa nne asubuhi. Mzee, shefu wa avenyu na mimi. Nilitoa ufunguo.
Mzee aliingia kwanza. Nilimsikia akitembea, chumba, chumba, chumba. Alipotoka kola yake ilikuwa na masizi. "Umechoma nyumba yangu."
Sikumjibu yeye. Nilimpa shefu simu. Shefu alikwenda na picha chumba kwa chumba, akainua macho, akashusha macho. Alitazama hata mlango usio na kitasa. Akasema, "Mzee, iko vilevile."
Mzee aliichukua simu. Alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Aliangalia picha ya Sifa mdogo amekaa kwenye godoro, masizi juu yake.
"Minye ndiyo nilikupa hii?"
"Hii hii. Na mutoto wangu akakohoa ndani yake."
Shefu aliandika kwamba nyumba imerudishwa kulingana na kontra. Mzee alitia sahihi. Kalamu ilimtoka mkononi, ikabidi ainame kuiokota.
Nimetembea hadi ziwani. Nimekula ndizi mbili za kuchoma. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumatano, 3 Julai
Nilikuwa na kazi Kavimvira. Pikipiki ilipita mbele ya ile nyumba. Mlango wazi. Furaha alikuwa ndani juu ya stuli, anasugua, mikono myeusi mpaka viwiko, khanga imelowa. Patrick yuko Bukavu kikazi, hivyo ndivyo jirani wa kushoto alivyoniambia juzi. Mzee alikuwa uani chini ya kivuli cha ukuta, kwenye kiti, anasikiliza redio.
Nilitaka yeye asugue. Siku zote zile nilimwona yeye na ndoo. Hajagusa ndoo. Hatagusa. Nilipaswa kulijua hilo.
Dereva aliuliza kama nashuka. Nikamwambia aendelee.
Kwa mzee sijutii kitu. Kwa yule msichana najuta.

Jumapili, 7 Julai
Sifa aliniuliza naenda wapi na ndoo siku ya Mungu. Nikamwambia. Akanipa kitambaa chake nijifunge kichwa.
Furaha alinifungulia. Anajua yote, sijui nani alimwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Niliyoyasema ni kwamba mafuta ya samaki hayatoki kwa maji ya baridi. Akaenda kuwasha moto.
Tulianza juu, tukashuka. Tulibadilisha maji mara nyingi. Ngozi ya vidole vyake imechubuka.
Saa tisa mzee alisimama mlangoni akasalimia. Furaha aliitika. Mimi sikuitika. Alingoja kidogo, kisha akaondoka.
Jua lilipoanza kushuka, saloni ilikuwa imetoka weusi, imekuwa kijivu. Furaha alileta chai, kikombe kimoja, hana kingine. Akanipa mimi kwanza.
"Bado vyumba viwili," alisema.
Nikasema ndiyo.
Tulikaa chini, migongo ukutani. Ukuta ulikuwa bado umelowa.